Maktaba ni Mhakiki wa Kwanza: Nani Aliyetuchagulia cha Kusoma?

Utangulizi

Katika madarasa yetu ya fasihi tumezoea kuianza kazi ya uhakiki pale kitabu kinapokuwa tayari mkononi. Mwalimu anataja riwaya, tunaitafuta, tunaisoma (au tunasoma madesa ya waliotutangulia, tuseme ukweli), kisha tunaanza kuchambua fani na maudhui: dhamira hizi, wahusika wale, tamathali za usemi kadha wa kadha. Ni nadra kumsikia mtu akiuliza swali linalotangulia yote hayo. Kitabu hiki kimefikaje hapa? Kati ya maelfu ya kazi zilizotungwa na binadamu, nani aliamua kwamba hii ihifadhiwe na ile iachwe iliwe na mchwa?

Makala hii inajaribu kulijibu swali hilo kwa kuipitia historia ya maktaba, tangu enzi za vibao vya udongo hadi siku zetu. Sikusudii kuisimulia historia yote, maana hiyo ni kazi ya vitabu vizima. Nitachagua maktaba chache ninazoona zinatuhusu sisi watu wa fasihi. Hoja yangu ni hii: maktaba ni mhakiki wa kwanza. Kabla mhakiki yeyote hajashika kalamu, maktaba imekwisha kusema kipi ni fasihi na kipi ni takataka. Na mhakiki huyu ana nguvu kutuzidi sote, kwa sababu kazi akishaikataa, haipatikani tena ili wengine waisome na kumbishia.

Ninawi: maktaba ya mfalme

Tuanze Ninawi, mji mkuu wa dola ya Ashuru, karibu na Mosul ya leo nchini Iraki. Katika karne ya 7 K.K. mfalme Ashurbanipal alijigamba kwamba anajua kusoma na kuandika, jambo ambalo halikuwa la kawaida kwa wafalme wa wakati wake. Alituma watu hadi Babeli wakamkusanyie vibao vya udongo kutoka kwenye mahekalu na kwa wanazuoni. Vingine vilinakiliwa, vingine vilitwaliwa tu kama mshindi anavyotwaa mali ya aliyeshindwa. Leo Jumba la Makumbusho la Uingereza huko London lina vibao na vipande vyake vipatavyo 30,000.

Tukiuliza ndani yake mna nini, tunakuta sehemu kubwa ni elimu ya ubashiri: ishara za nyota, namna ya kusoma maini ya kondoo, uganga, na dua za kujikinga na mabaya. Mfalme alitaka kujua kesho yake. Ndani ya mkusanyo huo wa kulindia kiti cha enzi ndimo ulimokuwamo pia utendi wa Gilgamesh, ambao leo hakuna anayefundisha historia ya tendi za ulimwengu bila kuutaja.

Ninawi uliangushwa na kuchomwa moto mwaka 612 K.K. Vitabu vya ngozi au vya mafunjo vingekwisha siku ile ile. Vibao vya udongo vilizidi kuwa vigumu kwa moto, kama chungu kilichotoka tanuuni, vikalala chini ya kifusi hadi Austen Henry Layard na Hormuzd Rassam walipovifukua katikati ya karne ya 19. Mwaka 1872 George Smith alipotangaza kwamba amesoma humo habari za gharika kuu, Ulaya nzima ilipigwa na butwaa.

Sasa hapa pana funzo. Nakala hii iliyotupa sehemu kubwa ya utendi wa Gilgamesh haikupona kwa sababu mtu fulani alipima ubora wake wa kisanaa akaridhika nao. Ilipona kwa kuwa ilikaa nyumba moja na vitu ambavyo mtawala alivihitaji, na kwa kuwa malighafi yake haikuungua. Tunapoandika katika mitihani yetu kwamba kazi fulani "imedumu kwa sababu ya ubora wake", tuwe na adabu kidogo. Wakati mwingine imedumu kwa sababu ya udongo.

Iskandaria: orodha na uteuzi

Ukimtajia mtu maktaba za kale, jina la kwanza litakalomjia ni Iskandaria ya Misri. Maktaba hii ilianzishwa na wafalme wa ukoo wa Ptolemy katika karne ya 3 K.K., nao walikuwa na uchu wa vitabu usio na haya. Galen, tabibu wa karne ya 2 B.K., anasimulia kwamba meli zilizotia nanga bandarini zilipekuliwa vitabu. Asili ilibaki maktaba, mwenyewe akarudishiwa nakala. Anasimulia pia kwamba Ptolemy wa Tatu aliazima kutoka Athene magombo rasmi ya tamthilia za Aeschylus, Sophocles na Euripides kwa rehani ya talanta 15 za fedha. Kisha akaona heri apoteze rehani: akabaki na magombo, akawapelekea Waathene nakala mpya. Kwa lugha ya mtaani, aliwaingiza mjini.

Kwa mtazamo wa uhakiki, hata hivyo, jambo kubwa la Iskandaria ni kazi ya mshairi Callimachus, kuliko wizi wa magombo. Yeye alitunga orodha iliyoitwa Pinakes, yenye magombo 120. Aliwagawa waandishi wa Kiyunani kwa tanzu zao, akatoa maelezo mafupi ya maisha ya kila mmoja, akataja kazi zake, mstari wa kwanza wa kila kazi na idadi ya mistari yake. Ni kweli Aristotle alikwisha kuzijadili tanzu kabla yake. Lakini Aristotle alizijadili kwa maneno, Callimachus akazipa kabati. Ukishajenga kabati la tanzia na kabati la ushairi wa nyimbo, gombo lisiloingia kokote linakuwa tatizo. Sisi tunaoulizwa kila mwaka "fafanua tanzu za fasihi" tunaendelea na kazi ambayo kwa sehemu yake ilikuwa shida ya mkutubi: hili nalo niliweke wapi?

Baada ya orodha ukaja uteuzi. Wanazuoni wa Iskandaria waliteua washairi tisa wa nyimbo kuwa ndio wa kuigwa na kusomwa. Walioteuliwa walinakiliwa, walifundishwa, waliandikiwa maelezo. Wengine polepole wakakosa mnakili. Na hata kuteuliwa hakukutosha. Sappho alikuwa mmoja wa wale tisa, lakini leo ni shairi lake moja tu linalohesabiwa kuwa kamili hasa, mengine ni vipande vipande. Sophocles aliandika tamthilia zaidi ya 120, nasi tunazo 7, tena ni zile zilizoendelea kusomwa shuleni.

Hapa nataka nibishane na hadithi inayopendwa mno, ile ya moto. Watu husimulia kwamba maktaba ya Iskandaria iliteketea siku moja na elimu yote ya kale ikapotea nayo. Wapo wanaomlaumu Julius Caesar, ambaye kweli moto wake wa mwaka 48 K.K. unatajwa kuharibu vitabu. Wapo wanaomsingizia Khalifa Umar, ilhali kisa hicho kinajitokeza katika maandishi ya karne ya 13, kama miaka 600 baada ya Waarabu kuiteka Misri, na wanahistoria wengi wanakikataa. Ubaya wa hadithi ya moto ni kwamba inatafuta mchawi mmoja. Mafunjo hayadumu. Kila baada ya muda gombo lilihitaji mtu wa kuketi na kulinakili upya, na mtu huyo alihitaji chakula, wino na sababu ya kufanya hivyo. Sababu zilipokwisha, kazi ilikufa kimya kimya bila moshi. Vitabu vingi vya kale vimekufa kwa kukosa msomaji, na kifo hicho hakina wa kushitakiwa.

Ibn al-Nadim na Thomas Bodley: njia mbili za kukutubi

Tuvuke hadi Baghdad. Huko ndiko lugha yetu inakopata jamaa wa karibu katika suala hili. Kitabu, katibu, mkataba na maktaba ni watoto wa mzizi mmoja wa Kiarabu wenye maana ya kuandika. Na neno fahirisi, tunalolikuta mwishoni mwa vitabu, ni ndugu wa jina la kitabu ninachotaka kukizungumzia, yaani Fihrist ya Ibn al-Nadim, iliyoandikwa mwaka 987 B.K.

Karatasi, ufundi uliotoka Uchina, ilikuwa ikitengenezwa Baghdad tangu mwishoni mwa karne ya 8, hivyo vitabu vilikuwa vingi na biashara yake ilikuwa hai. Ibn al-Nadim alikuwa mtu wa biashara hiyo. Akaamua kuorodhesha vitabu vyote vya Kiarabu alivyovijua, vya watu wake na vilivyofasiriwa kutoka kwa wengine. Kitabu chake kina sehemu 10. Anaanza na maandiko matakatifu, anapita kwa wanasarufi, wanahistoria, washairi, wanafiqhi na wanafalsafa. Halafu katika sehemu ya nane anafika kwa wasimulizi wa ngano na watu wa mazingaombwe. Humo anataja kitabu cha Kiajemi cha hekaya elfu, babu wa Alfu Lela Ulela ambazo wengi wetu tulizisoma utotoni. Anatoa na hukumu yake waziwazi: kwake yeye ni kitabu duni, hekaya zake hazina ladha. Lakini anakiandika. Anakidharau na anakiandika.

Mwaka 1258 Wamongolia waliuteka mji wa Baghdad na kuuharibu. Vitabu vingi sana alivyovitaja Ibn al-Nadim havipo tena, na kuna ambavyo hatungejua kamwe kwamba viliwahi kuwapo lau si orodha yake.

Sasa tumlinganishe na mtu mwingine. Mwaka 1602 Thomas Bodley alifungua maktaba yake katika Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza. Mwaka 1610 alipatana na chama cha wachapaji na wauza vitabu wa London kwamba nakala ya kila kitabu wanachokichapa ipelekwe Oxford bure. Ni mpango mzuri, na sheria nyingi za kuwataka wachapaji wapeleke nakala katika maktaba za taifa zinafanana nao. Lakini Bodley hakutaka kila kitu. Katika barua za mwaka 1612 alimkataza mkutubi wake, Thomas James, kuweka tamthilia pamoja na kalenda za unajimu na vijitabu vya namna hiyo. Aliona ni uchafu utakaoiaibisha maktaba.

Mwaka huo wa 1612 Shakespeare alikuwa hai, na tamthilia zake zilikuwa zikiuzwa madukani kama vijitabu vya bei ndogo. Bodley alifariki mwaka 1613. Mwaka 1623 tamthilia 36 za Shakespeare zilichapwa katika kitabu kimoja kikubwa, 18 kati yake kwa mara ya kwanza, na nakala ikafika Oxford kwa mujibu wa yale mapatano. Baadaye katika karne hiyo hiyo, toleo la tatu lilipotoka, maktaba iliiona nakala ya zamani haina kazi ikaiuza. Mwaka 1906 ikalazimika kuchangisha pauni 3,000 kuinunua nakala ile ile irudi. Kumbe takataka ya babu ni johari ya mjukuu!

Ndugu msomaji, mimi sitaki tumcheke Bodley. Alifuata vigezo vya wasomi wa tabaka lake, kama tunavyofuata sisi vyetu tunapokunja uso mbele ya hadithi za magazetini na vijitabu vya mapenzi vinavyouzwa stendi. Tofauti yake na Ibn al-Nadim haiko katika ladha, maana wote wawili walidharau fasihi ya watu wengi. Tofauti ni kwamba mmoja aliitoa hukumu yake akaacha ushahidi mezani, na mwingine aliitoa hukumu kwa kuuondoa ushahidi wenyewe. Uhakiki wa kwanza unaweza kupingwa. Wa pili hauna rufaa.

Namba 896 na mlango wa maktaba

Mwaka 1876 Mmarekani Melvil Dewey alichapa mfumo wa kupanga vitabu kwa namba, ambao umeenea duniani na uko katika maktaba nyingi za Afrika Mashariki. Elimu yote inagawanywa mafungu 10. Fasihi ni 800. Hebu tutazame ndani yake. Ya Marekani ni 810, ya Kiingereza 820, ya Kijerumani 830, ya Kifaransa 840, kisha Kiitalia, Kihispania, Kilatini na Kiyunani. Baada ya hapo linabaki fungu moja, 890, ambamo wamesongamana wengine wote waliobaki: Waarabu, Wachina, Warusi, Wahindi, na Afrika nzima. Kiswahili kimo humo, 896.392. Katika fungu la dini, namba kuanzia 220 hadi 280 na ushei zilitengewa Ukristo, na Uislamu ukapewa 297.

Mtu atasema namba ni namba tu, zinasaidia kupata kitabu. Sawa. Lakini fikiria Utendi wa Tambuka, uliotungwa Pate na Mwengo bin Athumani na unaotajwa kuwa wa mwaka 1728. Unahusu vita vya Waislamu na dola ya Kaisari Herekali. Je, uwekwe 896 kama fasihi au 297 kama dini? Mfumo unakulazimisha uchague. Mtunzi wake hakuwa na haja ya kuchagua, kwa kuwa kwake ibada, historia na ufundi wa kupanga vina vilikuwa kazi moja. Mwanafunzi anayekuta tendi upande mmoja wa jengo na vitabu vya dini upande mwingine anafundishwa na rafu, kabla ya mwalimu, kwamba haya ni mambo mawili.

Kupanga ni kufasiri, na kuita jina ni kufasiri vilevile. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa kama mwaka 1858 na mama mgonjwa kwa ajili ya binti yake, ulitolewa na Alice Werner na William Hichens mwaka 1934 kwa jina la Kiingereza linaloutaja kuwa nasaha juu ya wajibu wa mke. Ni kweli nasaha hizo zimo, tena nyingi. Lakini sehemu kubwa ya beti za mwisho ni dua ya mama anayejiombea na kuwaombea wanawe na jamaa zake. Jina la kwenye jalada liliingia katika orodha za maktaba, na tangu hapo wahakiki wengi wamebishana kama Mwana Kupona alimkandamiza mwanamke au alimlinda kwa hekima. Mjadala huo ni halali. Ila ajenda yake iliwekwa na jalada, na dua imebaki kama kiambatisho.

Halafu kuna mlango wenyewe. Uingereza ilipitisha sheria ya maktaba za umma mwaka 1850, na baadhi ya waliotetea sheria hiyo walitumaini kwamba mfanyakazi akipata kitabu ataacha kilabu cha pombe. Wema huo ulikuwa na jicho la mwajiri ndani yake, lakini mlango ulifunguliwa. Katika makoloni hali ilikuwa nyingine. Maktaba ya McMillan ya Nairobi ilifunguliwa mwaka 1931, na kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma. Ndiyo maana baada ya uhuru maktaba zilikuwa suala la siasa. Tanganyika ilitunga sheria ya huduma za maktaba mwaka 1963, na mwaka 1967 Maktaba Kuu ya Taifa ilifunguliwa Dar es Salaam. Kufungua mlango lilikuwa jambo la lazima. Swali ninalouliza ni kwamba tulipoingia tulikuta nini rafuni, na je, tumelibadilisha?

Vyuo vya pwani

Katika Kiswahili cha zamani cha pwani neno chuo lilikuwa na maana ya kitabu. Utendi wa Tambuka wenyewe huitwa pia Chuo cha Herekali. Mahali pa kusomea pakaitwa chuoni, penye vyuo. Kwa hiyo tunaposema "Chuo Kikuu" tumeubeba msamiati wa vitabu bila kujua. Nalitaja hili kwa sababu wengi wetu tumelelewa na ile kauli mashuhuri ya Amadou Hampâté Bâ wa Mali, aliyesema UNESCO mwaka 1960 kwamba Afrika, mzee anapofariki, ni maktaba iliyoungua. Ni kauli nzuri na ilitetea heshima ya fasihi simulizi. Lakini tumeirudia mpaka tukasahau kwamba Afrika ilikuwa pia na maktaba za wino na karatasi.

Mali hiyo hiyo ni shahidi. Ahmed Baba wa Timbuktu, aliyekamatwa na kupelekwa Marrakesh baada ya uvamizi wa Wamoroko wa mwaka 1591, alilalamika kwamba alipoteza vitabu 1,600, na ati yeye ndiye aliyekuwa na vichache katika ukoo wao! Miswada ya Timbuktu iliishi karne nyingi katika masanduku ya familia. Wapiganaji walipouteka mji mwaka 2012, wakutubi na wenye miswada waliisafirisha kwa siri hadi Bamako, na waliobaki na kitu cha kuchoma mwezi Januari 2013 walichoma sehemu ndogo tu. Maktaba ya mfalme hukusanya yote mahali pamoja na huungua pamoja. Maktaba ya nyumbani imetawanyika, na kutawanyika huko ndiko kunakoiponya.

Pwani yetu ni ya namna hiyo ya pili. Tendi zilinakiliwa kwa mkono majumbani, Lamu, Pate, Mombasa, na mwenye kunakili alikuwa msomaji pia. Lakini njia hii nayo ina ajali zake. Mtazame Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840. Mashairi yake yalibaki katika kumbukumbu za watu hadi Mwalimu Sikujua bin Abdallah alipoyakusanya kwa kushirikiana na mmisionari W. E. Taylor. Makaratasi yakaishia London. Hichens akayatoa katika diwani iliyochapwa Johannesburg mwaka 1940, miaka 100 kamili baada ya mshairi kufariki. Kitabu cha Mohamed Hassan Abdulaziz juu ya Muyaka kilitoka Nairobi mwaka 1979. Mshairi aliyewasema Wamombasa, akawatania, akawachochea katika vita vyao, amezunguka nusu ya dunia ndipo akarudi nyumbani. Na jina lililokaa mbele katika orodha za maktaba kwa muda mrefu ni la Mzungu aliyehariri, wakati Mwalimu Sikujua, ambaye bila yeye pengine tusingekuwa na kitu, anatajwa katika dibaji.

Zipo juhudi zilizofanyika hapa hapa. J. W. T. Allen alikusanya miswada na kanda za sauti kwa ajili ya maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na orodha yake ilichapwa mwaka 1970. Zingatia hizo kanda: ni mkiri kwamba utendi huimbwa, na kwamba karatasi peke yake ni nusu ya kazi. Katika miaka ya karibuni miswada ya Msikiti wa Riyadha, Lamu, imepigwa picha za kidijiti.

Pamoja na sifa hizo, tusiipambe maktaba ya nyumbani. Nayo ilikuwa mhakiki, tena mwenye tabaka. Aliyenakiliwa zaidi ni mtu wa ukoo wenye elimu ya dini na uwezo wa kununua karatasi. Nyimbo za watumwa mashambani, za wavuvi, za wanawake wakitwanga, hazikuonekana kuwa na hadhi ya kuitwa chuo. Tunapofundishwa kwamba ushairi wa kale wa Kiswahili "ulitawaliwa na dhamira za dini", sentensi hiyo ni ya kweli kuhusu masanduku ya miswada. Kuhusu jamii nzima, hatuna haki ya kuisema.

Pingamizi

Wapo watakaonijibu kwamba maktaba haiwezi kuweka kila kitu. Nafasi ni ndogo na fedha haba, kwa hiyo kuchagua ni lazima. Nakubali. Ila Ibn al-Nadim hakuvimiliki vitabu vyote alivyoviorodhesha. Kuorodhesha ni rahisi kuliko kuhifadhi, na ndicho kiwango cha chini tunachoweza kudaiana. Kitu kikikataliwa, kiandikwe kwamba kilikuwapo na kilikataliwa.

Wengine watasema zama hizi kila kitu kiko kwenye intaneti, suala limekwisha. Jamani, halijaisha. Picha ya mswada isiyo na maelezo ya nani aliuandika, ulitoka nyumba gani na unaimbwaje, ni gombo lililotupwa kwenye chumba kikubwa zaidi. Tena kuamua mswada upi upigwe picha ni uteuzi ule ule wa Iskandaria, ila sasa mteuzi mara nyingi ni mfadhili.

Hitimisho

Tumeona kwamba Ninawi ilichagua kwa hofu ya mfalme, Iskandaria kwa tanzu na mtaala, Oxford kwa aibu ya wasomi, Dewey kwa ramani ya dunia aliyoizoea, na pwani yetu kwa hadhi ya koo. Hakuna maktaba isiyochagua. Uhakiki wa fasihi usioliona hilo unachambua matokeo ya uamuzi wa mwingine huku ukidhani unachambua fasihi yenyewe.

Napendekeza mambo matatu, na yote yako ndani ya uwezo wetu. Kwanza, kila tunapoandika juu ya kazi ya kale, tuweke aya moja ya kueleza nakala tuliyoisoma imetoka wapi, nani aliihariri na aliacha nini. Walimu wetu wasituhesabie kuwa ni kutoka nje ya mada. Pili, likizo ikifika, kila mmoja aandike fahirisi ya kilichomo nyumbani kwao au kwa jirani atakayeridhia: daftari za mashairi, kasida, kanda za taarabu, barua za zamani. Asichukue kitu cha mtu. Aandike tu kwamba kipo, ni cha nani, kinahusu nini, hata kama yeye mwenyewe anakiona duni.

Tatu, zile kazi za uwandani tunazotumwa kukusanya kila mwaka katika somo la fasihi simulizi. Tunarekodi bibi zetu, tunanukuu ngano na nyimbo, tunapewa alama, na baada ya hapo makaratasi mengi hayajulikani yaendako. Hiyo ni maktaba nzima tunayoitunga na kuitupa sisi wenyewe, mwaka hadi mwaka, wala hatuna wa kumsingizia moto. Ziorodheshwe na zikabidhiwe maktaba kabla ya matokeo kubandikwa.